Seli Haijafa, Mjomba

Zamani hapa Mkumbara kitu kikifa ulikitupa, na hakuna aliyekuuliza. Uhuru huo nimenyang'anywa na mpwa wangu. Kijana ana kibanda cha ufundi simu kando ya lami, lakini kibanda chenyewe ni cha kukaa mtu na stuli, kwa hiyo betri mbovu za laptopu zinalala kwangu. Zinashushwa na mabasi ya Arusha na Dar, zimefungwa kwenye maboksi ya biskuti. Enzi za Mjerumani, magogo ya mierezi yalishuka kutoka Shume kwa njia ya waya mpaka stesheni yetu, yakapanda treni kwenda Tanga. Kijiji kilichopitisha mbao za maana leo kinapokea uchafu wa maofisini, na bohari ni sebule yangu.

"Hii si imekufa?" namuuliza.

"Haijafa, mjomba. Humo ndani wagonjwa ni wawili tu, wanne wazima."

Ukipasua ganda la betri ya laptopu, mara nyingi unakuta seli sita zilizopangwa mbilimbili. Jozi moja ikilegea, saketi ya ulinzi inaifunga betri yote, na mwenye laptopu anatupa wazima pamoja na wagonjwa. Kila seli ina unene wa milimita 18 na urefu wa 65, ndiyo maana inaitwa 18650. Mpwa wangu anaitaja namba hiyo kwa adabu ambayo shikamoo yangu haijawahi kuipata.

Angezitoa na kwenda zake ningevumilia. Sasa kuna kupima. Anaweka mita, na seli iliyolala chini ya volti 2 anaitenga moja kwa moja, maana ukiilazimisha chaji inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani ikawaka. Zilizobaki anazijaza mpaka 4.2, halafu anaziacha. Zinakaa tu! Usiguse, usisogeze. Ukiuliza, anasema anaangalia ipi inapoteza chaji bila kufanya kazi. Zikipita hapo, anazimaliza chaji taratibu ajue zinabeba kiasi gani. Mimi nilipokwenda kuomba kazi ya kukata mkonge niliulizwa jina, nikapewa panga. Hakuna aliyeniweka mezani kutazama kama navuja.

Halafu eti zinataka ubaridi, kwa sababu seli iliyojaa ikikaa kwenye joto inazeeka upesi. Ubaridi, Mkumbara! Ubaridi wote uliishia Lushoto, huku chini tuliachiwa jua na mabati. Kona pekee yenye afadhali ilikuwa ya mtungi wangu wa maji. Mtungi umehamia karibu na meko, na maji ninayokunywa siku hizi yanafaa kuogea mtoto mchanga.

Wateja nao wana yao. Mama muuza maandazi alinunua tochi mnadani, ndani ina seli ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9900. Seli ya ukubwa huo, hata iwe ya Panasonic au Samsung, haifiki nusu ya hapo. Nyingi zilizo nzuri zinaishia kwenye 3500 hivi. Mpwa akatoa kimizani alichokinunua kwa wachimba dhahabu wa Handeni. Seli ya kweli ina gramu 45 na ushee. Ya mama haikufika 30, maana wajanja huficha kiseli kidogo ndani ya ganda kubwa na kujazia unga. Akaichaji, akaipima, akamtangazia majibu: miliampea-saa 600.

Mama akashika kiuno.

"Nilipokuletea iliandikwa ngapi?"

"Elfu tisa mia tisa, mama, lakini ile ilikuwa..."

"Na wewe umeniachia ngapi?"

"Mia sita."

"Basi zangu elfu tisa na mia tatu nizione hapa."

Kijana akaeleza habari ya lebo za uongo, akaeleza unga, akaonyesha mizani. Mama alikuwa ameshaita mashahidi kutoka stendi, na dereva mmoja wa bodaboda alikuwa tayari anamfanyia hesabu ya fidia. Mpwa wangu alinywea, akaingia ndani, akatoka na seli mbili zilizofaulu mitihani yote, akampa bure ili yaishe.

Hizo mbili zilikuwa za redio yangu.