Nitrati Imepanda? Tiba Nane, Kuanzia ya Hovyo Kabisa

Kichupa cha kipimo kimegeuka rangi ya juisi ya rosela. Unakilinganisha na kadi: miligramu 80 za nitrati kwa lita, na hapo umejipendelea. Kama hukuitikisa ile dawa ya pili mpaka mkono ukauma, huenda hali ni mbaya zaidi, maana dawa isiyotikiswa husoma chini.

Tulia, samaki hawafi leo. Muuaji wa haraka ni amonia, inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza. Bakteria huigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wenzao huigeuza nitrati. Hapo safari inaishia. Nitrati haina pa kwenda, inalimbikizana tu. Wafugaji wengi hawapendi ivuke 40, na wenye samaki wachaguzi wa Ziwa Tanganyika huitaka chini ya 20. Haya, tuhesabu kurudi nyuma.

8. Kuchemsha maji. Maji yanapungua, nitrati inabaki ile ile. Umechoma gesi ili uipate iliyokolea.

7. Kulaza maji kwenye ndoo. Klorini itaondoka, asante. Nitrati hata ukiilaza mpaka Idi, utaikuta.

6. Chupa ya dukani. Nyingi hutuliza klorini na amonia tu, kwa hiyo soma lebo kabla ya kumsikiliza muuzaji. Zipo chembechembe za kuweka kwenye filta ambazo kweli hunasa nitrati, ila zikijaa inabidi uzioshe kwa maji ya chumvi, au ununue nyingine. Muuzaji anapendelea ununue nyingine.

5. Filta kubwa zaidi. Bwana, filta ndicho kiwanda chenyewe! Kazi yake ni kuigeuza amonia kuwa nitrati, na inaifanya vizuri sana, ndiyo maana uko hapa. Usiiongeze, isafishe. Ila sifongo ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi. Ukiisugua chini ya bomba lenye klorini, bakteria watakufa, amonia itarudi, na utaikumbuka nitrati kwa machozi.

4. Kupunguza samaki. Samaki wa dhahabu ulimnunua ana urefu wa kidole, lakini akitunzwa hupita sentimita 20. Unao watano kwenye lita 60. Hilo si tangi, ni daladala saa kumi na mbili jioni. Gawa.

3. Mimea. Sasa tunaongea. Chukua tawi la mani planti, ile inayotambaa ukutani sebuleni, liache juu ya tangi, mizizi tu izame. Majani yanapata hewa, mizizi inanyonya nitrati, na mgeni anadhani umeajiri mpambaji. Majani yakioza majini yatoe upesi, la sivyo yatarudisha kila yalichokopa.

Magugu maji nayo hunyonya sana, hilo halina ubishi. Ziwa Victoria linayajua tangu miaka ya 1990, yaliponenepea uchafu wa mijini na mashambani hadi mitumbwi ikakosa pa kupita. Yaache huko huko, na usiupe mtaro wa mtaani kwenu mbegu.

2. Kupunguza chakula. "Lakini wanaomba!" Samaki huomba hata akiwa ameshiba, ndiyo kazi yake. Piga hesabu. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 ina kama miligramu 64 za nitrojeni. Ikigeuka nitrati yote, unapata karibu miligramu 280. Kwenye tangi la lita 100, ukirusha gramu hiyo kila siku, wiki moja inakuletea takriban 20 kwa kila lita. Wape kinachoisha ndani ya dakika mbili, na samaki wakubwa wenye afya wafunge siku moja kwa wiki. Kisha ficha kopo, maana ndani ya nyumba kuna mtoto, shangazi na mgeni, na kila mmoja ana huruma.

1. Ndoo na mpira. Hakuna cha kushinda kuyatoa maji nje. Tangi linalopanda 10 kwa wiki, ukibadili robo kila wiki, litaendelea kupanda mpaka litulie 40 kabla ya kila badiliko. Badili nusu, litatulia 20. Hiyo ni kama maji mapya hayana nitrati, kwa hiyo yapime kwanza. Kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kukushangaza. Kikivuka 50, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, samaki wasubiri: mtoto mchanga asikorogewe maziwa kwa maji hayo.

Tangi lililotelekezwa usilibadili nusu kwa mkupuo. Maji yake huwa yamechachuka, na humo amonia inatulia. Ukimwaga maji mapya mengi inaamka kama sumu. Toa sehemu ya kumi kila siku chache, kwa subira.

Unapotoa, zamisha mdomo wa mpira ndani ya changarawe. Wingu la kahawia litapanda: chakula cha mwezi uliopita, kikiwa bado kinatengeneza nitrati. Livute lote, ukamwagie mchicha. Jirani akiuliza mbolea ya wapi, usimwambie bei ya samaki.