Ng'ombe Hakati Rufaa

Wanaodai uchunguzi wa mazingira nchini hauna uwazi wamesahau Machi 2022. Maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wafu, na wenye midomo wakaanza kuutazama mgodi wa jirani. Kamati ya serikali ikaenda, na baada ya siku chache tu ikatangaza mbele ya kamera: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, na mimea iliyooza. Uwazi gani tena? Hata mkojo haukusitiriwa.

Wakenya wao hupenda kujichosha. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu pale Owino Uhuru, Mombasa, kilifungwa 2014. Wakazi wenye madini ya risasi damuni wakahangaika mahakamani hadi Desemba 2024. Yote hayo, na mbuzi wa kusingizia wapo tele Mombasa! Mnyama hana wakili, hakati rufaa, wala haombi nakala ya majibu ya maabara.

Sisi wa Sumbawanga tumejaliwa: Bonde la Rukwa limejaa mifugo. Ndugu mfugaji, siku mto ukibadilika rangi, usiulize sampuli zilipimwa wapi. Fungua zizi, toa ushirikiano.