Upinde Si Moko: Mwongozo wa Kushika Upinde kwa Vijana wa Kakola

Ninyi mnaotoka kwenye maduara ya dhahabu Bulyanhulu na viganja vigumu kama kisigino, mwongozo huu ni wenu. Kosa lenu nalijua. Moko, ile patasi ya kuchongea mwamba, ukiulegeza, nyundo inakula vidole, kwa hiyo mmejifunza kukaba kila kitu: moko, jembe, usukani wa pikipiki, hata kikombe cha uji. Sasa mkipewa upinde wa babu, mnaukaba kama mwizi wa ng'ombe. Uachieni kidogo, upumue.

Kwanza, jua umeshika nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa mifugo walipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama na Nzega waliunda sungusungu, wakalinda vijiji kwa upinde na mishale. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Upinde huo umelinda zizi la bibi yako. Unastahili mkono wenye adabu.

Pili, pokea mti wa upinde kwa mzizi wa kidole gumba. Nyoosha mkono kana kwamba unamzuia mtu asiingie mlangoni. Mti ukae pale kwenye nyama kati ya gumba na shahada. Ukivuta upote, upinde wenyewe utakuja kujibana hapo. Kazi ya kukaba imeshafanyika bila wewe kutoa jasho.

Tatu, vidole vingine vikumbatie tu. Kadiria hivi: unamvusha mtoto barabara siku ya gulio, bodaboda zinapita huku na huku. Humwachii akimbie, wala humbani mpaka alie. Nguvu hiyo ndiyo ya upinde. Ukilegea kupita hapo, upinde utaruka mkononi mara upote utakapoachiwa. Ukikaza kupita hapo, misuli ya mkono itausokota mti. Upinde wetu hauna kitako cha kuegeshea mshale. Mshale unapita juu ya ngumi yako, hivyo ngumi ikigeuka, nao unageuka. Mshale ukipinda nyuzi moja tu unapotoka, kwa mita 30 utakuwa umekwenda kando nusu mita. Swala hana kifua kipana hivyo. Kichuguu cha jirani ndicho utakachokipata.

Nne, geuza kiwiko kidogo kitazame nje. Ukikisahau, upote utakichapa kigasha na kukuachia mstari mwekundu uliovimba kama mnyoo. Hakuna mwalimu anayefundisha haraka kuliko huyo.

Tano, ukiachia, usikurupuke. Vidole vya upote vifunguke, mkono wa upinde ubaki palepale mpaka usikie mshale umegonga. Wengi hufyatua na kuuteremsha upinde kwa pamoja ili waone wamepata nini. Mshale unawafuata chini.

Sita, lenga kiroba. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na wanyama waliobaki katika mapori yetu tunawahitaji wakiwa hai. Jaza kiroba pumba za mpunga, kiegemeze kwenye kichuguu, piga mishale kumi kila jioni. Utakuwa umejifunza yote aliyoyajua mwindaji kuhusu mkono wake. Nataka ujue, kwa sababu wazee wanaoweza kukusahihisha kidole kwa kidole wanapungua kila masika, na kuuning'iniza upinde ukutani si kuurithi.

Mwisho, soma kiganja chako. Babu yangu hakutazama mishale yangu ilikoangukia. Alikuwa akisema, "Ng'wanawane (mwanangu), leta mkono," kisha anaufungua na kuutazama kwenye mwanga wa jioni. Nawe fanya vivyo hivyo. Ukikuta mti umechora alama kiganja kizima mpaka ncha za vidole, ulikuwa bado unachimba dhahabu. Ukikuta wekundu mdogo kwenye mzizi wa gumba tu, nenda kaokote mishale. Yote itakuwa mahali pamoja.