Barua ya wazi kwa Bethesda: maoni yetu juu ya gemu msiyoitoa

Kwa Mkurugenzi,
Bethesda Game Studios,
Rockville, Maryland, Marekani.

Nakala: Maafisa wa forodha, mpaka wa Rusizi.

YAH: MAONI YA WACHEZAJI KUHUSU THE ELDER SCROLLS VI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokeeni salamu kutoka Kamembe, wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, ambako ukitupa macho ng'ambo ya maji unaiona Bukavu. Sisi ni wachezaji wa gemu. Hatuna chama wala muhuri. Tunao ukumbi mmoja wa PlayStation wenye viti vya plastiki, ambamo mchana kutwa ni mpira, na usiku, watu wa mpira wakishakwenda kula, ndipo majoka yanapopata nafasi.

Tunawaandikia kuwapongeza. Tarehe 10 Juni 2018 mlituonyesha kionjo cha The Elder Scrolls VI: milima, ukungu, ufuo, muziki wa kusisimua, kisha jina. Sekunde 36. Tangu siku hiyo gemu hiyo haijakwama hata mara moja. Haijamzamisha farasi ndani ya mwamba, haijafuta kazi ya mtu ya wiki nzima, haijamwacha mwanakijiji ananing'inia hewani huku akiulizia bei ya kabichi. Kwa kampuni yenye historia kama yenu, haya si mafanikio madogo. Ndiyo gemu yenu ya kwanza isiyo na hitilafu.

Basi maoni yetu ni kwamba ni nzuri sana. Tumekwisha kuijadili, tumeigombania, na wawili kati yetu hawasalimiani kwa ajili yake. Upande mmoja unashikilia kwamba hadithi itatokea Hammerfell, nchi ya jangwa na mabaharia. Upande wa pili unasema High Rock. Mlipotuma ile picha ya ramani na mishumaa tarehe 31 Desemba 2020, kila kambi ilihesabu mishumaa na kuondoka na ushindi. Kijana anayeuza vocha mlangoni hajawahi kushika pedi maishani mwake, lakini ni High Rock damu, na ukimbishia hakupi chenji.

Kuhusu kusubiri, msiwe na wasiwasi nasi. Mmepata watu waliofunzwa. Kwenye huu mto wetu kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, la mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna Ruzizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989. Na kuna Ruzizi ya Tatu, mradi wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambao umeishi miaka mingi katika mikutano na makaratasi, na tumeuzoea kama mtu anavyomzoea shemeji aliye ughaibuni. Kwa hiyo mwendelezo unaochelewa hautushtui. Tofauti tunayoiona ni hii tu: hakuna mtu aliyetuuzia Ruzizi ya Kwanza mara tano wakati tunaingoja ya Tatu.

Hapo ndipo tunapoomba kuingia ndani kidogo. Skyrim, ile iliyoitangulia hii, mliitoa Novemba 2011. Mwaka 2016 mkaitoa tena, imepigwa msasa. Mwaka 2017 mkaitoa ya kuvaa machoni, na mwaka huohuo ya kubeba mkononi. Mwaka 2021 mkaitoa ya kuadhimisha miaka 10 ya ile ya kwanza. Usiku uleule wa kionjo mlijicheka wenyewe jukwaani kwa filamu fupi ya Skyrim inayochezwa kwenye friji na kwenye kile kipaza sauti cha Alexa, na ya Alexa mkaifanya kweli. Ukumbi mzima huko Marekani ulicheka. Huku kwetu hakuna aliyecheka. Kuna mtu aliyeuliza bei ya friji.

Nchi yetu ina jina la bidhaa ya namna hiyo. Tunaiita caguwa, Watanzania huiita mitumba. Nguo imevaliwa, imefuliwa, imepigwa pasi, imerudi sokoni. Si neno la aibu, nusu yetu tumesomeshwa na caguwa. Ila mwaka 2016, mwaka huohuo mlioipiga Skyrim msasa, serikali yetu ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Dola 2.50, Mheshimiwa. Wenye kumbukumbu watajua ni bei ya nini: ni bei mliyowauzia watu wa Xbox vazi la chuma la farasi mwaka 2006, katika gemu yenu ya Oblivion, vazi lililomfanya farasi ang'ae. Ulimwengu mzima uliwazomea, kisha ulimwengu mzima ukalinunua. Na Aprili 2025 mlipoirudisha Oblivion sokoni ikiwa na sura mpya, toleo la bei ya juu lilikuja na nini? Mavazi mengine ya farasi.

Pendekezo letu kwa maafisa wa forodha, ndiyo sababu tumewapa nakala, ni kwamba gemu inayovuka mpaka kwa mara ya tatu au zaidi itozwe ushuru wa caguwa, kwa kila gigabaiti badala ya kilo. Wajenzi wa ndani watalindwa. Viwanda vitakua. Farasi watabaki uchi, nao hawajawahi kulalamika.

Kwa kuwa tumeshafika mpakani, tuseme jambo tunalolijua kuliko nyinyi. Skyrim inaanza na mtu aliyekamatwa akivuka mpaka. Amefungwa mikono, yuko juu ya mkokoteni, anapelekwa Helgen kukatwa kichwa. Anapofika, askari mwenye orodha anatafuta jina lake na halipo. Anamuuliza kapteni wafanyeje. Kapteni anajibu, kwa ufupi, orodha isahauliwe, akakatwe tu.

Ukumbi wetu huguna kila mara tukifika hapo. Wilaya hii inaishi kwa mpaka. Tuna vituo viwili tunavyoviita Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili, na alfajiri utawakuta akina mama na beseni za nyanya na sambaza wakivuka kwenda Bukavu, jioni wakirudi na beseni tupu na habari kamili za bei. Mtu asiye kwenye orodha hapa hakatwi kichwa. Anaambiwa arudi kesho. Kesho anaambiwa mwenye muhuri ametoka. Hiyo ndiyo hofu ya kweli ya mpakani, na katika miaka yote hiyo hamjaiweka hata katika gemu moja. Joka kushuka kutoka mbinguni kuja kukuokoa, kama linavyofanya hapo Helgen, ni jambo la watu ambao hawajawahi kupanga foleni.

Tena wafanyabiashara wenu wanatutia simanzi. Katika Skyrim mtu anaweza kumvika mwenye duka kikapu kichwani, akaiba kila kitu mbele yake, naye akaendelea kumkaribisha kwa sababu haoni. Tunawaalika mje mjaribu na mama yeyote wa soko la Kamembe. Kikapu mtakileta wenyewe. Gharama za hospitali pia.

Lugha nayo. Kwa ajili ya Skyrim mliwatungia majoka lugha yao, yenye maandishi yake yaliyochongwa kwenye mawe. Tunaiheshimu kazi hiyo. Lakini majoka hayo hayana simu wala pesa, na kwa mujibu wa hadithi yenu wenyewe karibu yote yalikuwa yamekufa. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na hapa mpakani ndicho tunachogombania bei. Bado kwenye orodha ya lugha za gemu zenu hakimo. Tuambieni tu kama tunatakiwa kwanza kutema moto.

Sasa tarehe. Juni 2023, katika kesi moja kwenye mahakama ya San Francisco, Phil Spencer wa Xbox alieleza kwamba mwendelezo huu huenda uko miaka mitano au zaidi mbele. Wakati huo yeye alikuwa mkubwa wenu, tangu Microsoft ilipowanunua kwa dola bilioni 7.5. Tumepiga hesabu: mtoto aliyezaliwa usiku wa kionjo atakuwa na miaka 10, na yeye ndiye atakayetufundisha kuucheza. Nyaraka za kesi hiyo zikaashiria pia kwamba gemu itakuwa ya Xbox na kompyuta. Ukumbi wetu, kama tulivyosema, ni wa PlayStation. Kwa hiyo tumetoa maoni, tumegombana na tumekosana na muuza vocha kwa ajili ya gemu ambayo haipo na ambayo, ikiwepo, haitaingia kwenye mashine yetu. Ikiwa huo si uaminifu wa mteja, hatujui mnautafuta wapi.

Wapo miongoni mwetu wanaowatetea. Wanasema gemu ya Baldur's Gate ya pili ilitoka mwaka 2000 na ya tatu ikakamilika Agosti 2023, ikatengenezwa na Larian, kampuni ya Ubelgiji, ikabeba tuzo zote, na hakuna aliyekumbuka tena ile miaka 23. (Ndiyo, tunajua Rwanda ilivunja uhusiano na Ubelgiji Machi 2025. Ukumbi wetu haujapata waraka wowote.) Lakini watetezi hao husahau kwamba Larian waliwauzia watu mlango wa kwanza wa gemu hiyo tangu 2020, ikiwa haijaiva, wakawasikiliza wakilalamika, wakarekebisha. Wateja walilalamikia kitu walichokishika. Sisi tunalalamikia ukungu.

Basi tuleteeni kitu tukishike, hata kibovu. Hasa kibovu. Tuna uzoefu wa vitu vibovu na fundi wa simu wa jirani hutengeneza chochote chenye waya. Wapenzi wenu wamekuwa wakiirekebisha Skyrim bure kwa miaka, kwa viraka walivyovitengeneza wenyewe, na nasi tutaingia kwenye msururu huo bila kudai mshahara. Kama mnataka mandhari, ukungu wa msitu wa Nyungwe ni mzito kuliko ule wa kionjo, na maji ya moto ya Bugarama hayahitaji kuchorwa.

Masharti ni mawili. Pedi mje nazo, zetu zimechoka. Na msifike Jumamosi ya mwisho wa mwezi kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu wote tutakuwa kwenye umuganda, kazi za pamoja za jamii, na mkionekana mmesimama bila kazi mtapewa majembe.

Ni sisi,
Wachezaji wa usiku, Kamembe.