Namna ya Kungoja Msimu Mpya Ukiwa Bunia

Kwanza ujue kwamba msimu mpya wa tamthilia ya televisheni hutoka mara mbili. Mara ya kwanza unatoka Marekani, na hiyo haikuhusu. Mara ya pili unatoka mfukoni mwa kijana mmoja wa Boulevard de Libération, ndani ya flashi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Watu wa Los Angeles hungoja mara moja tu, ndiyo maana hawana subira.

Tuchukue Stranger Things, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kazi hii. Msimu wa nne uliisha tarehe 1 Julai 2022, wa tano ukaanza Novemba 2025. Miaka mitatu na ushee. Kumbuka kwamba Millie Bobby Brown alikuwa na miaka 12 tulipomwona mara ya kwanza kama Onze (sisi wa Kifaransa hatumjui huyo Eleven), na katika kungoja huku akaolewa. Mngojaji mwenye adabu hakasiriki. Anauliza tu ng'ombe walikuwa wangapi.

Pili, jua saa. Sehemu ya mwisho kabisa ilitolewa saa 11 jioni ya tarehe 31 Desemba kwa saa za California. Ukileta huku inakuwa saa tisa za usiku, mwaka mpya 2026, na saa hiyo umekaa kwenye mkesha kanisani, kati ya mama mkwe na mzee wa kanisa. Usibishane. Ingiza simu ndani ya Biblia, ikiwezekana kwenye Ufunuo, ambako mwanga wa ghafla hautamshtua mtu. Si kwa ajili ya kutazama, mega zako hazitoshi hata kwa dakika kumi. Ni kwa ajili ya kumwandikia ndugu yako wa Kampala umuulize kama Onze amekufa. Atakujibu haraka sana, na kwa sauti. Habari ya kifo haijawahi kukosa mtandao.

Baada ya hapo ndipo unaanza kungoja kwenyewe. Nenda kwa kijana wa flashi kila siku, lakini usiende mikono mitupu. Peleka simu ya kuchaji ili uwe na sababu ya kukaa. Meza yake utaijua: kompyuta isiyo na herufi A, waya kama matumbo ya mbuzi, simu ishirini za watu, kila moja na kijikaratasi chenye jina. Unauliza kwa heshima:

«Yaya, Onze alishafika?»

«Bado, mudogo. Kuya kesho.»

Hiyo kesho usiihesabu kwa kalenda. Siku itakapofika kweli, lipa kwanza, ndipo uombe. Mimi nilisimama pale nikitazama ule mstari wa kijani ukisogea: 60, 71, 87. Kwenye 87 jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, na mtaa mzima ukasikika ukivuta pumzi. Kijana akaniangalia kama daktari anavyomwangalia ndugu wa mgonjwa. Mafuta yalikuja baada ya saa moja na nusu, kwenye chupa ya maji, na mstari ukaanza tena kwenye sifuri.

Wakati wa kungoja utakutana na wanaotaka kukueleza hadithi. Waache, ila kwa msimu huu wa tano hatukuhitaji mwalimu. Mji wa Hawkins uko chini ya jeshi, barabara zimefungwa, watu wanaambiwa ni kwa usalama wao. Mgeni angeuliza hayo yanawezekanaje. Sisi wa Bunia tuliwekewa hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, kwa siku 30 tu, ndivyo tulivyoambiwa, kisha ikawa inarefushwa siku 15 kwa siku 15. Hakuna kampuni ya televisheni iliyowahi kurefusha kitu mara nyingi hivyo, na hakuna mfuasi hata mmoja aliyeandika barua kuomba msimu mwingine. Jambo moja tu lilitushinda kuamini: vijana wa Hawkins wanatembea usiku kwa baiskeli, wakiwa na tochi, na hakuna anayewauliza karatasi.

Kuhusu chumba: chagua chenye pano ya sola iliyolala juani mchana kutwa, na betri iliyojaa. Usialike zaidi ya watu sita, na wanane watakuja. Ataingia pia yaya mmoja, yaani mkubwa wetu, aliyewahi kukaa Kinshasa, ambaye husema jambo kabla halijatokea. Mkalishe karibu na sufuria ya samaki wa ziwa, mdomo uwe na kazi.

Sisi tulikaa hivyo. Sehemu saba zilipita vizuri, isipokuwa ya tano ambayo haikuwa na sauti, tukaitafsiri wenyewe. Ya nane ilikuwa imeandikwa vizuri kwenye flashi, namba yake na VF yake, yaani sauti ya Kifaransa. Tukanyamaza. Mama mwenye nyumba akazima taa ili kuokoa betri. Picha ikatokea: Onze, kichwa kimenyolewa, ana miaka 12. Ilikuwa sehemu ya nane kweli, ila ya msimu wa kwanza.

Hakuna aliyesimama. «Acha iendelee,» alisema yaya wa Kinshasa, mdomo umejaa, «hii nayo sijui inaishaje.»