Barua ya Wazi kwa Waziri wa Leba: Ombi la Karani wa Nia

Mheshimiwa Waziri,

Sisi vibarua wa kokoto na lami hapa Tarbaj, Wajir, twaishukuru Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 46 kimekataa mtu kufutwa kwa sababu ameshtaki, na kifungu cha 47 kikamtwisha huyo huyo aliyefutwa jukumu la kuthibitisha kwamba amedhulumiwa. Mwajiri yeye hueleza sababu zake tu, na sababu, alhamdulillahi, hazijapata kumpungukia.

Basi twakuomba uturuzuku Karani wa Nia. Awe mtu mwadilifu, apewe kigoda, mwavuli wa kumkinga na jua la Wajir, na daftari la safu mbili. Akae ubavuni pa nyapara tangu alfajiri hadi magharibi, ili siku ile mtambo wa kusagia kokoto utakapomla mtu kidole, na mtu huyo, kwa ujinga wake wa kuamini sheria, akaiomba ile fomu ya fidia ambayo sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, na nyapara akamtazama kitambo kisha akanena, “Kesho usije,” karani anyanyuke, atege sikio kifuani mwa nyapara, aandike katika safu ya kwanza yaliyotamkwa na katika ya pili yaliyokusudiwa, agonge muhuri, atupe nakala. Kwa kuwa yaliyomo vifuani huyajua Mwenyezi Mungu pekee, twakiri mshahara wake hautakuwa haba.

Fedha zikikosekana, tutaridhika na amri kwamba ajali zitokee mbele ya mashahidi wasiohofia vibarua vyao kuota nyasi, au kwamba Nairobi, iliko ofisi yako, isogezwe karibu.

Maana mashahidi waliopo wana watoto, na mwenye watoto hafungui mdomo. Hii ni dhuluma tupu! Sheria ya fidia imempa mwajiri siku 7 kumpasha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini habari za ajali. Akizinyamazia, ni sisi tunaotakiwa kumfumania, bila waraka wala mkataba, na kidole hakioti. Utuwie radhi, Mheshimiwa. Ghadhabu imeitangulia adabu.

Iwapo karani huyo ni muhali kupatikana, ipo njia nyingine: kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira tayari kinamtwisha mwajiri mzigo wa ushahidi, pale masharti ya kazi yanapobishaniwa naye akashindwa kutoa maandishi. Bunge na liongeze sentensi moja: anayemfuta mtu aliyeripoti jeraha ahesabiwe amelipiza kisasi, mpaka athibitishe kinyume. Daftari la kazi liko mikononi mwake, si mwetu.

Wasalaam,
Kibarua, Tarbaj