Mdai Mpole Kuliko Wote

Pwani hii kila kitu kimeshasifiwa: majahazi, minazi, wali wa nazi, mpaka milango ya nyumba. Ila jedwali la malengo, pamoja na kengele ya simu inayolitumikia, bado halijapata wa kulitungia hata mstari mmoja. Nusu ya Mombasa wanalo na nusu hiyo hiyo hulisengenya. Huo ni utovu wa shukrani, na leo nataka niurekebishe.

Nianze na upole wake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia mtaani Mbaraki: "Tembea dakika 30." Njia ipo, kwenda ufukweni Mama Ngina si mbali, mibuyu ipo na upepo wa bahari ni wa bure. Kidole gumba kinatoka ndani ya shuka, kinapapasa, kinaahirisha. Basi, mdai ameondoka. Hakugonga mlango wala hakuketi barazani kungoja utoke. Hakumuuliza jirani kama umo ndani. Baada ya dakika chache anarudi kwa sauti ile ile, kinyongo hana, na ukimfukuza tena ataondoka tena. Mfananishe na mwenye duka uliyemkopa mchele. Yule naye ana daftari, lakini ana na macho, na akikuona umevuka barabara kupita upande wa pili anajua sababu.

Tena jedwali lina stara. Ukibahatika kufika Mama Ngina litaandika hatua zako zote, na sahani ya mihogo ya kukaanga uliyoila pale, pamoja na pilipili na ndimu yake, halitaitia mahali popote.

Mtu wa Mbaraki hana haja ya kufundishwa jedwali ni nini. Hapa ndipo penye gati, maghala, malori yanayoziba njia na ofisi za mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Karani wa ofisi hizo hukaa kutwa mbele ya vijumba vya jedwali: namba ya kontena, jina la meli, tarehe ya kushushwa, siku za bure zilizobaki. Siku za bure zikiisha, bandari inaanza kuhesabu gharama ya kuhifadhi, na mwenye kontena naye anaanza kuhesabu zake, kwa dola. Kijumba kikigeuka chekundu watu huinuka vitini. Simu zinapigwa, kijana wa pikipiki anatumwa na karatasi, mtu anaacha chai yake ipoe.

Jioni karani yule yule, kwa kompyuta ile ile, anafungua jedwali lake mwenyewe. Akiba ya ada ya watoto. Sukari kupunguzwa. Juzuu za kurudiwa. Chumba cha juu kilichosimama kwenye linta tangu kampeni za uchaguzi wa juzi. Rangi ni zile zile na hesabu ni ile ile. Kijumba kinageuka chekundu, naye anakitazama kama mtu anayetazama jua likizama, kwa utulivu na kwa kuridhika. Hakuna meli inayongoja. Hakuna anayemtoza. Nani alidhani chombo kimoja kingeweza kumtia mtu hofu mchana na kumliwaza usiku?

Nasaba yake nayo ni ya heshima. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, alimtazama mwalimu aliyekosea namba moja ubaoni na kulazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Mwaka uliofuata, yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali la kwanza la kompyuta kupata umaarufu, ambamo ukibadilisha namba moja zilizobaki hujirekebisha zenyewe. Walikuwa na wafanyabiashara akilini, lakini waliofaidi zaidi ni sisi wenye malengo. Tarehe ya mwisho ikitolewa Machi ikapelekwa Septemba, kila kitu kinahama nayo kimyakimya, bila doa. Daftari la karatasi halina adabu hiyo. Ukikata tarehe kwa kalamu mkato unabaki, na mkeo anausoma.

Na nafasi yake! Jedwali la Excel lina mistari 1,048,576. Ukitumia mstari mmoja kwa siku, utakaa humo zaidi ya miaka 2,800 kabla ya kuambiwa pamejaa. Hiyo ndiyo subira inayotakiwa na mtu anayeahidi kuanza Jumatatu, na zaidi na sisi tunaoahidi kuanza baada ya Idi. Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wanaliita kasoro: Excel inaikubali tarehe 29 Februari 1900, ingawa Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 28 tu. Kosa hilo lilianzia kwenye programu ya Lotus 1-2-3, na Excel ikalichukua kwa makusudi ili hesabu zilizokwishaandikwa zisivurugike. Mimi naona ni ukarimu. Programu iliyo radhi kuitunza siku ambayo haikuwahi kuwako ndiyo ya kukabidhiwa siku nitakayoanza kukimbia.

Wapo wanaoilaumu kengele kwa kutojua saa zetu. Ni kweli, aliyetaka kukumbushwa dawa ya saa mbili asubuhi akaandika 2:00 ataamshwa saa nane za usiku, yeye na nyumba nzima. Lakini hapo kosa si la kengele. Imetimiza ahadi yake, jambo ambalo hatuwezi kulisema juu ya mwenye simu.

Wabishi wakubwa huja na hoja nyingine: kwamba mji huu ulijua kukumbushana kabla ya simu. Mwadhini hutuita mara tano kwa siku, na hata aliyejifunika shuka anajua aliyeita ni mtu, tena mtu atakayeona nani hayupo kwenye safu. Halafu watakuonyesha Mnara wa Mbaraki, ule wa mawe ya matumbawe wenye kimo cha mita 14 hivi, ambao Wareno waliutia kwenye ramani yao ya 1728. Watu walipeleka ubani na marashi ya waridi hapo na kuomba haja zao, wakiamini yumo mwenye kusikia. Aliyeondoka pale na ahadi mdomoni alijua upande wa pili kuna anayekumbuka. Sawa. Lakini je, mnara una kitufe cha kuahirisha?

Wakishindwa hapo, wabishi hutoa utafiti, na utafiti wenyewe ni wa hapa hapa Kenya. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa WelTel, lililofanyika katika kliniki tatu kwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU. Nusu yao walipelekewa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, ulioandikwa "Mambo?" tu. Mgonjwa alipaswa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Miongoni mwa waliopelekewa ujumbe, waliomeza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62, na miongoni mwa wasiotumiwa kitu walikuwa asilimia 50. Ujumbe haukutaja dawa hata kidogo. Uliuliza hali, kisha pakawa na mtu anayengoja jibu.

Naikubali habari hiyo na kuipita haraka, kwa sababu inaelekea mahali nisipopataka. Naipenda zaidi ile ya Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, iliyochapishwa mwaka 2011. Huko wagonjwa 431 waligawanywa: wengine wakumbushwe kwa ujumbe kila siku, wengine kila wiki, wengine waachwe. Katika waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walimeza dawa kwa kiwango kizuri, na katika walioachwa asilimia 40. Na wa kila siku? Hawakuwapita walioachwa. Basi kengele ya kila siku, hii ninayoisifu, imeshapewa cheti cha kisayansi kwamba haimbadilishi mtu. Ni dawa gani nyingine unayoweza kuitumia kila alfajiri, miaka nenda miaka rudi, ukiwa na hakika ya kubaki kama ulivyo?

Ndiyo maana natahadharisha juu ya wanaotaka kuiharibu. Tangu 2008 kuna huduma ya mtandaoni iitwayo stickK, iliyoanzishwa na wachumi wa Chuo Kikuu cha Yale. Mtu huandika lengo lake, akaweka fedha rehani, akamteua mwamuzi wa kuthibitisha kama ametimiza. Akishindwa, fedha zake zinaweza kwenda kwa kundi analolichukia. Wamarekani na wafanye wapendavyo. Lakini ikifika Mbaraki, tunajua mwamuzi atakuwa nani. Hatakuwa rafiki wala mfanyakazi mwenzako. Atakuwa shangazi, atakayepiga simu Ijumaa baada ya swala, kwanza akuulize habari za watoto, kisha za mgongo wako, kisha, bila kubadilisha sauti, akuulize ile akiba ya ada imefika ngapi. Hapo utalipa. Na jedwali, masikini, litabaki bila kazi.